Yule si jini, ni marehemu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita msomaji mwenzangu aliwamwagia sifa wafasiri wa filamu, wale vijana wanaoingiza sauti zao za Kiswahili juu ya muvi za nje. Kwa sehemu kubwa namuunga mkono. Tangu enzi za mfasiri Lufufu na kanda za VHS, watu hawa wamewawezesha mama zetu kufuata kisa badala ya kutazama midomo ikichezacheza. Nina neno moja tu, na limetokana na filamu moja, The Woman in Black, ya mwaka 2012.

Kijana wa mtaani kwetu alinirushia kwenye flashi, iliyotafsiriwa. Tukakaa sebuleni mimi, mke wangu na mjukuu wetu wa miaka 9. Kwa wasioiona: ni Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanasheria kijana, mgane mwenye mtoto mmoja, anaitwa Arthur Kipps (ndiye Daniel Radcliffe, yule wa Harry Potter), anatumwa kijiji cha Crythin Gifford kupekua makaratasi ya bibi mmoja aliyefariki. Kijiji hakimtaki. Nyumba ya wageni inadai imejaa, kila mtu anamhimiza arudi na treni, na watoto wanafungiwa ndani. Nyumba ya bibi huyo iko katikati ya kinamasi cha pwani, na njia ya kuiendea hupitika maji yakipwa tu. Huko Kipps anamwona mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Kila mwanamke huyo anapoonekana, mtoto wa kijijini hufa.

Mfasiri alipomwona mara ya kwanza akapaza sauti: "Oyaa, jini limeibuka!" Kuanzia hapo hakumwita jina jingine. Jini linachungulia, jini limenuna, jini linataka damu. Mjukuu wangu akawa anacheka mpaka anashika mbavu.

Mimi ni mtu wa Tanga, Mhariri. Habari za majini nimezisikia tangu sijaota meno. Jini ana kabila lake, ana dini yake, na ana anachokitaka: ubani, marashi, au mbuzi wa rangi aliyoitaja mwenyewe kupitia kinywa cha mgonjwa. Akipewa hutulia, asipotulia atapungwa. Jini hakuwahi kuwa mmoja wetu. Mwanamke wa filamu hii alikuwa mtu na jina lake linatajwa, Jennet Humfrye. Alizaa mtoto wa kiume, Nathaniel. Dada yake na shemeji yake wakamchukua mtoto wakamlea kama wao, kwa hoja kwamba mama yake hana akili timamu. Siku moja gari la farasi likazama kwenye tope la kinamasi. Dada akajiokoa, mtoto akabaki humo, na maiti yake haikuopolewa. Jennet akajinyonga. Hayo Kipps anayapata kwenye barua za zamani, kipande kwa kipande, na ndipo hapo hasa mfasiri wetu alipochagua kuwasalimia washikaji zake wa Mbagala.

Usiku ule nilikosa usingizi nikitafuta neno. Mzimu? Mzimu una pango lake au mbuyu wake, na una watu wake wanaoutambikia. Zimwi ni la hadithi za watoto. Kizuu hutumwa na mchawi, na Jennet hakutumwa na mtu. Mzuka ungefaa, kwa kuwa ndio unaomtokea mtu ghafla, ila vijana wamelichakaza neno lenyewe: leo mtu akichangamkia muziki anasema ana mzuka. Mwishowe nikajikuta kwenye neno tunalolisikia kila siku katika matangazo ya vifo redioni. Marehemu. "Marehemu amesimama dirishani." Hebu lisemeni hilo kwa sauti ya chini, saa nne za usiku, mkiwa mmeshazima taa ya ukumbini. Na maana yake ni aliyerehemiwa, wakati huyu mwenyewe kakataa katakata kumrehemu yeyote.

Msidhani nabishania msamiati tu. Neno likikosewa, kisa kizima kinapinda. Karibu na mwisho Kipps na rafiki yake mzee Daily wanaliendea lile tope na gari la Daily, gari pekee pale kijijini. Kipps anajifunga kamba, anazama, anapapasa mpaka anampata mtoto. Anamlaza kitandani mwake, anawangoja mama na mwana wakutane, kisha maiti inalazwa kaburini pamoja na mama. Mfasiri akatangaza: "Steringi sasa anatoa kafara kwa jini!" Kafara! Mtu ameingia kwenye tope kumtafuta mtoto wa mwenziwe ili azikwe, halafu iwe kafara? Hayo ni maziko. Huku kwetu mtu akifa maji, wavuvi huacha nyavu zao wakamtafuta, na watu hawashibi wala hawalali vizuri mpaka mwili uonekane. Mke wangu alikuwa na la kusema hapo, maana kaka yake mkubwa alizama, lakini ile sauti ya "kafara" ilikuwa bado inaendelea kwa kelele.

Halafu Jennet hasamehi. Maziko yamefanyika, naye anasema hatasamehe kamwe. Kwa mfasiri ilikuwa "jini halijatosheka," kana kwamba mbuzi alikuwa mdogo.

Mwisho wenyewe nisiufiche, filamu ni ya zamani. Kipps na mwanawe wanagongwa na treni stesheni, kisha wanamwona mke wa Kipps, aliyekufa siku mtoto anazaliwa, amesimama relini akiwasubiri. Mfasiri wetu dini yake ni moja, kwamba steringi hafi. Akatuambia mke wa steringi amerudi kutoka safari.

Wiki iliyofuata nikaomba ile isiyotafsiriwa, tukaitazama upya. Ndipo nilipogundua jambo ambalo tulikuwa tumeibiwa. Kuna sehemu ndefu Kipps yuko peke yake usiku ndani ya nyumba ile na hasemi karibu lolote. Unasikia ubao wa sakafu, kiti cha kubembea kikigonga chumba cha juu, vile vidoli vya kutia ufunguo vikianza kujichezea. Ndiyo filamu yenyewe hiyo. Kabla yake hadithi hii ilikuwa tamthilia, yenye waigizaji wawili wanaobeba karibu maneno yote, na ilikaa Fortune Theatre, London, tangu 1989 hadi 2023. Waigizaji wawili na giza, miaka zaidi ya thelathini, watu wanapiga mayowe. Sisi tuliwekewa mtu asiyenyamaza hata dakika moja.

Kipps alipoachwa kwenye ile nyumba, mke wangu, mzaliwa wa Pangani, aliyatazama maji yanavyolamba kingo za njia, akasema, "Yanajaa hayo. Hatoki huyo." Hakuna aliyemtafsiria. Picha za njia hiyo zilipigwa Osea, kisiwa cha Essex ambacho barabara yake mpaka leo hufunikwa bahari ikijaa, na mtu wa pwani hahitaji Kiingereza kulielewa tope la namna hiyo.

Mjukuu safari hii hakucheka. Alihamia katikati yetu, na usiku akaomba taa ya uani isizimwe. Najua, najua, bibi yake ameshanisema vya kutosha. Uingereza kwenyewe filamu hii ilipunguzwa vipande ili ipate daraja la 12A, linalomruhusu hata mtoto wa chini ya miaka 12 akiwa na mtu mzima, na bado bodi yao ya kupanga madaraja ilipokea malalamiko 134, mengi kuliko filamu yoyote ya mwaka ule. Ila mjukuu wangu aliicheka ile ya kwanza kama vichekesho vya Pasaka, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Sasa niseme ninachokitaka. Wafasiri waendelee, na mashabiki wao wasininunie. Ila mfasiri aitazame filamu mara moja akiwa amefunga mdomo kabla hajaiwekea sauti. Barua zikisomwa, atusomee barua. Mtu akinyamaza, anyamaze naye. Na maiti aiite maiti.

Mimi kwa kuwa sina kazi ya kufanya tangu nistaafu, nimekaa na daftari nikaandika mazungumzo yote ya filamu hii kwa Kiswahili, nikiweka mstari mtupu kila pasipohitaji kusemwa kitu. Mistari mitupu ni mingi. Mfasiri yeyote akilitaka, anitafute kupitia kwenu, nitampa bure, alirudishe tu likiwa na jalada lake.

Mwalimu mstaafu,
Tanga