Barua ya wazi: Mheshimiwa, tunaomba ganzi

Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya, Assalamu alaykum.

Tulikubali kusubiri. Ramadhani ikapita, Iddi ikapita, na ile hotuba ya "dawa zipo, wananchi msiwe na wasiwasi" tukaisikia mara ya tatu. Juzi, katika spitali moja huku Pemba, mzazi aliyechanika akijifungua kashonwa bila ganzi. Aliambiwa avumilie, nyuzi ni chache tu. Zilikuwa saba.

Usimtafute mkunga wa kumwadhibu. Trei yake ilikuwa na koleo, mkasi, uzi na pamba. Ganzi haimo. Tunavyohisi sisi, oda inaandikwa kana kwamba ganzi ni ya chumba cha upasuaji na ya meno peke yake. Kama tumekosea, tusahihishe, tutafurahi.

Na inayotakiwa ni ndogo mno. Mililita 2.5 za lignokeni, ndiyo hiyo dawa ya ganzi, ya asilimia 2, uchanganye na mililita 7.5 za maji ya chumvi ya sindano yasiyo na vijidudu: unapata mililita 10 za asilimia 0.5, zinazotosha mchaniko wa kawaida. Kwa mwanamke wa kilo 50 hazifiki hata nusu ya kipimo cha juu. Kila unapochoma, vuta bomba kwanza. Ikija damu, umeingia mshipani, usisukume. Ukimaliza subiri dakika 2, bana ngozi kwa koleo. Akisikia, subiri 2 nyengine. Dakika nne, Mheshimiwa. Kukata utepe kunachukua zaidi.

Bila hizo nne, mzazi anajibana, anaruka, uzi unakwenda kombo. Hilo linaonekana. Arubaini ikishatoka ndipo yanapokuja yasiyoonekana: anashtuka usingizini, akinusa spiriti moyo unamwenda mbio, mumewe akimgusa mwili unajifunga wenyewe. Kliniki haendi tena, na chanjo zinampita mtoto. Wifi atasema ana pepo, aletewe kombe la aya anywe. Wadini ataulizwa, "Mtoto mzima, unalia nini?"

Hicho ni kiwewe. Kikizidi mwezi ni ugonjwa, na una tiba: vikao kadhaa na mtu aliyesomea, kidogo kidogo, kwa mwendo wa mgonjwa mwenyewe. Kumlazimisha asimulie yote kwa kikao kimoja hakumponyi. Na ile diazepamu anayopewa "apate kulala", Shirika la Afya Duniani tangu 2013 linashauri asipewe kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza. Shirika hilo hilo, mwaka 2018, lilipendekeza mzazi awe na mtu wake amtakaye ubavuni. Huku kwetu mama mtu anabaki nje ya geti na chupa ya uji.

Uliahidi mshauri nasaha kila wilaya, mgonjwa asivuke bahari kwenda Unguja kutafuta wa kumsikiliza. Leo hatukukumbushi hilo.

Tunaomba ganzi. Iwemo kwenye trei ya wazazi, kila zamu. Na ya usiku pia.

Wakunga na wauguzi,
Pemba