Mheshimiwa, dhamiri yako tuisikie kabla ya kura

Kwako Mheshimiwa Mbunge wetu,

Salaam, na pole na majukumu ya Dodoma.

Kwenye mkutano wa hadhara ulituambia kwamba wewe si tarishi wa kubeba maneno yetu, kwamba tulikuchagua kwa akili yako, na dhamiri yako haikukuruhusu kututetea Bungeni tuendelee kukata miombo kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku. Watu waliguna. Mimi mkulima wa tumbaku niliguna pia, ingawa kuhusu miti nakubaliana nawe.

Tumbaku ya mvuke inakula kuni. Bani likishajazwa majani, moto hauzimwi usiku wala mchana kwa karibu wiki nzima, na anayekesha akichochea anajua kwamba kila msimu kuni zinatoka mbali zaidi. Misitu hiyohiyo ndiyo tunayotundika mizinga ya nyuki. Ungetuuliza leo, tungekujibu kwa shida ya msimu huu, maana pembejeo tumekopa kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, na deni linatusubiri sokoni. Kwa hiyo mbunge anaweza kuwa sahihi hata jimbo zima likimnunia. Hilo silipingi kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba tulikusikia baada ya jambo kwisha.

Hapahapa Tabora, Januari 1958, TANU walifanya mkutano mkuu wao. Mkoloni alikuwa ameweka sharti la kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wajumbe wengi walikuja wakiwa na hasira, wanataka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliona kwamba kususia kungewaachia wapinzani viti. Hakuwazunguka wajumbe. Alisimama mbele ya watu walewale waliompinga, akajenga hoja, wakabishana, kura ikapigwa, hoja yake ikapita. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha chama chake. Waliobaki walikwenda kwenye uchaguzi huo wakijua kwa nini wanakwenda, na TANU ikashinda. Hadi leo tunauita Uamuzi wa Busara, na umepatikana kwenye ardhi ya mkoa wako, Mheshimiwa.

Hata Edmund Burke, mbunge wa zamani wa Uingereza, ambaye wasomi humtaja sana kwa kutetea dhamiri ya mbunge, aliwaambia wapiga kura wa jimbo lake la Bristol usoni, Novemba 1774, kwamba hatapokea amri zao. Mwaka 1780, alipoona hatashinda tena pale, akajiondoa.

Kuna jambo jingine, na nalisema kwa heshima. Kwa Katiba yetu, ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti. Wakati wa bajeti mnaitwa kwa majina, lakini miswada mingi hupita kwa sauti ya "ndiyo" ya ukumbi mzima. Sisi tunaosikiliza redioni tutaijuaje sauti yako humo? Na ukisema ni dhamiri, tutajuaje kwamba si chama kilichokuelekeza? Dhamiri ambayo hatukuwahi kuisikia ikibishana nasi ni vigumu kuiamini.

Ombi langu ni hili. Bunge la bajeti halijaanza. Njoo mwezi Machi, ukae nasi kwenye ghala la AMCOS, utueleze utakachokiunga mkono kuhusu kuni, miche ya kupanda na mabani yanayotumia kuni kidogo. Tuache tukubishie. Ukitushawishi, utaondoka na jimbo nyuma yako. Ukishindwa na bado ukaona huwezi kupiga kura tunavyotaka, tuambie hapohapo, kisha ukapige kura yako, nasi tutakupima kwenye uchaguzi kwa jambo tunalolijua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa tumbaku na mpiga kura wako,
Mkoa wa Tabora