Mizigo ikihama Malindi, ufukwe ubaki wa watu
Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya ujenzi na uchukuzi, Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mkaazi wa Malindi, mtoto wa kuli. Marehemu baba alibeba magunia ya karafuu kwenye gati ile mpaka mgongo ukakataa, na shati lake la kazi lilinukia karafuu hata likitoka kwenye kamba. Kwa hiyo sikuandikii kwa kuichukia bandari. Bandari ndiyo iliyotulea.

Hivi sasa kila baraza huku kwetu mazungumzo ni Mangapwani, kule kaskazini mwa mji. Bandari mpya ikikamilika na mizigo ikahamia huko, makontena yataondoka Malindi na malori hayatapita tena ubavuni mwa Mji Mkongwe, mji wa kuta za mawe, udongo na chokaa. Hilo tunaliombea. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iporomoke tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, mtetemeko wowote wa gari kubwa humfanya mama mwenye nyumba atazame dari kwanza. Kinachotukosesha usingizi ni swali linalofuata: eneo lile lote, kuanzia Mtini, pale penye mti mkubwa kando ya bahari, mpaka diko la samaki, likishakuwa tupu litakuwa la nani?

Wapo wanaotaka hoteli, na siwalaumu. Kijana wa jirani yangu anafanya kazi hotelini na mshahara wake unalisha watu sita. Akisema ajira zije, nani amkatalie? Lakini katika uchochoro wetu nyumba tatu zimekuwa za wageni, na waliokuwa wakikaa humo sasa wako Fuoni na Kwerekwe. Wanarudi kuzika tu. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sehemu kubwa ya thamani yake ni kwamba bado watu wanauishi: wanapika, wanaoza, wanagombana, wanaswali. Wakiisha watu, zitabaki milango ya nakshi.

Mheshimiwa, jambo hili si jipya kwetu. Limeshawahi kutokea hapa hapa, tena kwa uzuri. Forodhani inaitwa Forodhani kwa sababu forodha ilikuwa pale. Mabanda ya mizigo yalijaa mbele ya Ngome Kongwe, na reli ya Bububu ikifika hapo hapo. Gati ya Malindi ilipojengwa katika miaka ya 1920, shughuli zikahamia huku na pale pakabaki wazi. Wenye mamlaka wa wakati ule wangeweza kugawa viwanja pale kwa matajiri, maana hapakuwa na sehemu yenye thamani kuliko ile mjini. Wakafanya bustani. Ilikuwa kwa ajili ya jubilei ya Sultan Khalifa, mwaka 1936, lakini Sultani ameondoka, utawala wake umeondoka, na bustani bado ni yetu. Ilipochakaa, Wakfu wa Aga Khan ukaitengeneza, ikafunguliwa tena 2009, na wauza mishikaki na maji ya miwa wakarudi na meza zao.

Nenda Forodhani alasiri, maji yakijaa. Utawaona vijana wamevua mashati, wanarudi nyuma hatua kumi, wanakimbia pekupeku, wanabinuka hewani na kutumbukia. Kisha wanapanda tena kwa ukuta, maji yakiwachuruzika, wanapokezana. Baina yao yupo mtoto wa Ng'ambo aliyekuja kwa miguu na yupo mtoto wa mwenye hoteli, na wakiwa majini huwezi kuwatenganisha. Jioni kina mama wanakaa ukingoni na vikapu vyao, na hakuna anayewauliza wamenunua nini. Kitu hicho, Mheshimiwa, hakijengeki upya kikishauzwa.

Shangani tulikipoteza. Jengo la Mambo Msiige lilikodishwa kuwa hoteli, na uwanja wa wazi uliokuwa kando yake ukaingia ndani ya ujenzi. UNESCO walilalamikia jengo lile jipya. Malalamiko yakaandikwa, hoteli ikafunguliwa 2015, uwanja haukurudi. Na asidhani mtu kwamba jina la Urithi wa Dunia haliwezi kuondoka: Liverpool, mji wa bandari kama wetu, ulivuliwa mwaka 2021 kwa sababu ya majengo yaliyoruhusiwa kandokando ya maji yake.

Basi nakuomba hivi. Kabla hekta moja ya Malindi haijakodishwa kwa yeyote, ukanda wa ukingoni mwa maji uandikwe kisheria kuwa ni wa umma, usiozungushiwa ukuta wala geti, uungane na njia ya waenda kwa miguu iliyoachwa Mizingani ukuta wa bahari ulipojengwa upya. Nasema kisheria kwa sababu ahadi ya mdomo hubadilika akibadilika waziri. Nyuma ya ukanda huo pajengwe, sawa, kwa kimo cha mji wenyewe. Diko libaki lilipo. Japani wamesaidia kulijenga upya juzi juzi, na mnada wa samaki wa Malindi ndio unaopanga bei ya mchuzi wa mji mzima. Ukiupeleka mbali, mchukuzi na mama muuza pweza watalipa nauli ya kila siku ambayo hawanayo. Majahazi nayo yapate pa kufunga. Yalikuwapo kabla ya gati.

Na ramani, Mheshimiwa. Tafadhali ramani ibandikwe ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, kwa herufi anazoweza kuzisoma mtu mzima bila miwani, nasi tupewe muda wa kusema. Mara nyingi tunaitwa kutoa maoni wakati mashine zimeshaingia, tunapewa soda na karatasi ya kusaini mahudhurio. Safari hii tuulizwe kabla. Wazee waliobeba mizigo ya gati ile bado wapo, wanakaa chini ya Mtini kila baada ya swala ya alasiri, na wanajua ni wapi maji hupanda wakati wa bamvua na ni wapi ardhi ni kifusi kitupu. Mhandisi wako akija na daftari, nitamtambulisha kwao mwenyewe.

Wako,
Mkaazi wa Malindi, Mji Mkongwe