Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ni Lini Tuite "Mtiririko wa Damu"?

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini, na idadi ya wanachama ataieleza katibu. Mimi nabaki na suala lililochukua muda mwingi zaidi wa kamati mwaka huu: ni lini tuna haki ya kuandika "mtiririko wa damu" chini ya picha ya kifua iliyotokana na mkanda wa elektrodi (vipande vya kupitishia na kusomea umeme kwenye ngozi), yaani tomografia ya ukinzani wa umeme. Naliweka mbele kwa sababu daktari akiyasoma maneno hayo huamua tiba.

Misingi mnaijua tangu kazi ya Barber na Brown kule Sheffield miaka ya 1980. Elektrodi 16 huzungushwa kifuani, mkondo wa umeme wa miliampia chache hupitishwa kwenye jozi moja, volti husomwa kwenye jozi nyingine, kisha zamu husogea. Mzunguko mmoja hutoa vipimo 208, na nusu yake ni marudio ya nusu nyingine, hivyo taarifa halisi ni 104 tu. Picha haiwezi kuwa na ukali wa CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka). Faida yake ni kasi, makumi ya picha kwa sekunde, bila mionzi na bila kumhamisha mgonjwa kitandani.

Pumzi hubadilisha ukinzani wa kifua dhidi ya umeme takribani mara kumi zaidi ya pigo la moyo. Kwa hiyo wengi wetu huchuja mawimbi ya pumzi, hubakiza yanayokwenda na mapigo, na kuyaita mtiririko. Kamati imelikataa jina hilo. Kinachoonekana pale ni mishipa inayotanuka na kusinyaa, pamoja na moyo wenyewe unavyosogea. Mishipa iliyokakamaa hutanuka kidogo hata damu ikipita vizuri, na mshipa ulioziba mbele unaweza kuendelea kudunda nyuma ya kizibo. Tuandike "mdundo wa mishipa", basi.

Anayetafuta mtiririko atumie maji ya chumvi. Mililita 10 za asilimia 5 hadi 10 huingizwa kwa mkupuo mmoja kupitia katheta (mrija) ya vena kuu, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, pumzi ikiwa imesimamishwa kwa sekunde 8 au zaidi. Maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko damu, hivyo ukinzani hushuka kwanza upande wa kulia wa moyo, kisha mapafuni, kisha upande wa kushoto. Pumzi isimame kwanza, mstari wa msingi utulie, ndipo bomba la sindano lisukumwe. Ukisukuma polepole, au ukipitia mshipa wa mkononi, mkupuo hutawanyika njiani na mistari ya grafu ya moyo na ya mapafu hulaliana hadi haitenganishiki. Mgonjwa akijaribu kuvuta pumzi katikati, kipimo hicho kitupwe. Hakirekebishiki kwa programu. Eneo la moyo nalo liondolewe kabla ya kukokotoa, la sivyo litahesabiwa kama sehemu ya pafu yenye damu nyingi kupita zote.

Mililita 10 za asilimia 10 ni gramu 1 ya chumvi, yaani takribani milimoli 17 za sodiamu. Kipimo kimoja ni kidogo, lakini anayekirudia mara kadhaa kwa siku aandike jumla kwenye chati ya mgonjwa. Na mtiririko unaopatikana ni mgawanyo tu: eneo hili dhidi ya lile. Hauwi mililita kwa dakika.

Vipimo vingi vibaya tulivyochambua viliharibika hata kabla ya kuwasha mashine. Mkanda ukae usawa wa nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu. Ukishuka, kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) na ini huingia kwenye picha. Ngozi kavu na nywele huvunja mguso, na hapa hesabu ni kali: katika mpangilio wa jozi jirani, elektrodi moja mbovu huchafua vipimo 52 kati ya 208, robo nzima. Godoro la hewa linalojijaza kwa zamu nalo huingiza mawimbi yake. Lisimamishwe wakati wa kupima.

Kuhusu kazi ya moyo, bado wapo wanaotumia fomula ya Kubicek ya 1966 kukadiria damu inayosukumwa kwa kila pigo: ukinzani mahususi wa damu, mara mraba wa uwiano wa urefu (kati ya elektrodi za kusomea) kwa ukinzani wa msingi, mara muda wa kusukuma damu, mara kasi ya juu ya badiliko la ukinzani. Chukua omu-sentimita 135, sentimita 30, omu 27, sekunde 0.30 na omu 1.5 kwa sekunde: unapata mililita 75 kwa pigo. Kosea urefu kwa sentimita 1 tu, uandike 31, unapata 80. Ndiyo maana tunapendekeza itumike kufuatilia mabadiliko ya mgonjwa yule yule, elektrodi zikiwa pale pale, na mahali pake pawekwe alama ya kalamu. Mapafu yakijaa maji, isitumike kabisa.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo kilichopandikizwa mwilini asifungwe mkanda. Sharti hili halina mjadala.

Rasimu ya fomu ya kipimo imeambatishwa. Inadai mahali pa mkanda, elektrodi zilizoshindwa, njia iliyotumika, kiasi na asilimia ya chumvi, na sekunde za kusimamisha pumzi. Wanachama wailete kwenye mkutano mkuu ikiwa na masahihisho yao.