Kitabu cha magonjwa ya kazini kianzie kwenye kazi ya mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo naona linachukuliwa kirahisi sana, nalo ni vitabu vya rejea vya magonjwa yanayotokana na kazi na mazingira. Mimi ni tabibu, kituo chetu kinahudumia wachimbaji wadogo, mafundi wa kuchomelea, wakulima wa nyanya na watu wa viwandani, na kila ikifika wakati wa bajeti swali ni lile lile, tukipata hela ya kitabu kimoja tununue kipi? Wengi wanajibu "kile kikubwa", yani kikiwa kinene na juu kina jina la chuo cha Ulaya basi kimeshapita. Mimi nasema hapana.

Mgonjwa haji na jina la ugonjwa, anakuja na kikohozi, anakuja na homa, anakuja mikono inatetemeka. Chukua fundi wa kuchomelea ambaye mchana kutwa amechomelea mabomba yenye zinki ndani ya kibanda kisichopitisha hewa, usiku anashikwa na homa, baridi inamtetemesha, viungo vinauma, mdomoni anasikia ladha ya chuma. Asubuhi yuko kituoni, kipimo cha malaria kinasoma hasi lakini anaondoka na dawa ya mseto maana watu wameshazoea kuwa homa ni malaria tu, alafu kesho yake yuko fiti na kila mtu anaamini mseto umefanya kazi. Kumbe ile ni homa ya moshi wa metali, inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, na itamrudia tu akirudi kwenye zinki, hasa akiwa ametoka mapumziko. Kwaiyo mtihani wa kwanza wa kitabu ni huu: fungua faharasa, tafuta kuchomelea, uone kama unafika kwenye hiyo homa wakati mgonjwa bado amekaa mbele yako. Kitabu kinachokutaka ujue kwanza kuwa ni zinki ndio ukasome habari za zinki hakitusaidii sisi.

Na kisiishie hapo, maana moshi wa kadimiamu, metali nyingine, unaanza hivyo hivyo, homa na kikohozi kama mafua, alafu mapafu yanajaa maji na mtu anaweza kufa. Kitabu lazima kikwambie kipi kinafanana na kipi, na ni dalili gani ukiiona huyu mtu haendi nyumbani. Hilo kwangu ni kubwa kuliko picha za rangi na majedwali yote.

Nitoe mfano mwingine, vumbi la mawe. Wanaapolo, yani wachimbaji, wa Mererani wanalijua, na wenzetu wa hospitali ya Kibong'oto kule Siha wanalijua zaidi maana wanawapokea. Mchimbaji anakohoa, anakonda, anabanwa kifua, anaanzishiwa dozi ya kifua kikuu, anamaliza, baada ya muda anarudi na kikohozi kile kile, makohozi yanapimwa hakuna mdudu, anaanzishiwa tena. Inawezekana ni silikosisi, mapafu yameshapata makovu kwa vumbi la silika na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, na inawezekana ana vyote viwili kwasababu mapafu yenye silika yanashikwa na TB kirahisi sana. Sasa kitabu cha kawaida cha tiba kinaipa silikosisi aya moja au mbili basi. Tunachotaka ni kitabu kinachokuonyesha eksirei inavyokuwa, kinachokufundisha kumuuliza mtu amechoronga miaka mingapi, mawe gani, kwa maji au kavu, na kinachokwambia wazi kuwa akirudi kwenye vumbi lile lile unafanya kazi bure.

Upande wa dawa za kupulizia mashambani ndio naona vitabu vingi vinatuacha kabisa. Vinakwambia pima kolinesterasi kwenye damu, yani kimeng'enya ambacho baadhi ya dawa hizo zinakizuia, sawa, lakini wilayani kipimo hicho unakipata wapi, na mgonjwa wako anatoka mate na jasho, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma? Kitabu kinachofaa kinakwambia mvue nguo, muoshe na sabuni, wewe mwenyewe vaa glavu, anza atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, kwa dalili unazoziona bila kusubiri maabara, na kinakwambia unaongeza mpaka kifua kikauke, usiangalie mboni peke yake. Ukikipata kitabu chenye maneno hayo nunua, hata kama karatasi zake ni mbaya.

Kuna na hili la mwaka wa toleo, watu hawaliangalii kabisa na vitabu vya mitumba ndio vimejaa. Mfano mzuri ni madini ya risasi kwa watoto. Kwa muda mrefu Marekani walitumia maikrogramu 10 kwa desilita moja ya damu kama kiwango cha kuanza kushtuka, mwaka 2012 wakashuka mpaka 5, mwaka 2021 wakashuka tena mpaka 3.5. Ukiwa na kitabu cha mwaka 2007 mtoto mwenye 8 utamwambia mama yake nenda nyumbani mtoto ni mzima. Na hii sio habari ya Marekani tu, Mombasa pale Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi wafanyakazi na majirani, watoto wakiwemo. Phyllis Omido alikuwa anafanya kazi kiwandani hapo, mwanae akaumwa, ikabidi waangalie mengine kwanza ndipo wakafika kwenye risasi, na yeye ndiye aliyesimama mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ndio maana nasisitiza kitabu kiwe cha kazi na mazingira pamoja, sumu ikiruka ukuta wa kiwanda haichagui nani ni mwajiriwa na nani ni mtoto wa jirani.

Sasa nitaje majina maana najua nitaulizwa. Kile cha Wamarekani LaDou na Harrison, toleo la 6 la mwaka 2021, ndicho ambacho mimi ningekiweka mezani kama hela ipo, kimeandikwa kwa daktari anayeona wagonjwa, kina mapafu, ngozi, mgongo, kina kemikali na kina mazingira. Kile cha mfukoni cha Oxford cha afya kazini, toleo la 2 la mwaka 2013, ni kizuri kwa muuguzi wa kiwandani, kinaingia kwenye mfuko wa koti, ila kina sheria nyingi za Uingereza ambazo utaziruka. Kile cha Hunter kilichoanza mwaka 1955 na toleo la 10 likatoka 2010 ni hazina kweli kweli, nakiheshimu mno, lakini kina kurasa zaidi ya elfu moja na mahali pake ni maktaba ya chuo au hospitali ya rufaa, sio zahanati.

Tahadhari moja kwa mnaonunua vya Marekani, mle ndani ukiona OSHA, yani chombo cha serikali cha usalama na afya kazini, ni OSHA yao. Ya kwetu inasimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na fidia yetu inakwenda kwa WCF, yani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sheria ya mwaka 2008, kwaiyo usichukue fomu wala viwango vya fidia humo ukamwandikia mfanyakazi wa hapa. Zile sheria zetu mbili zichapeni mziweke pembeni ya kitabu, maana mfanyakazi anayeumwa hapati haki yake kama sisi hatukuandika vizuri kazi aliyofanya, kwa muda gani, na kwanini tunaona ugonjwa umetoka huko.

Na kama hela hakuna kabisa msikae mikono mitupu. Ensaiklopidia ya Shirika la Kazi Duniani ya afya na usalama kazini, toleo la 4 la mwaka 1998, juzuu nne, inasomeka bure kwenye intaneti, ni ya zamani upande wa viwango lakini imepangwa mpaka kwa sekta, ukitaka ngozi, uvuvi, ujenzi unaikuta. Alafu taasisi ya Marekani inayoitwa NIOSH ina kijitabu cha mfukoni cha kemikali, bure pia, unaangalia jina lililoandikwa kwenye pipa unapata inaingia mwilini kwa njia gani, inashambulia nini, huduma ya kwanza ni ipi na maski gani inafaa. Hicho kingewasaidia hata maofisa usalama viwandani ambao bado wanagawa maziwa kwa watu wa rangi na saruji wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, wapeni, lakini yanakwenda tumboni, hayazuii vumbi wala moshi kuingia kwenye mapafu, na mtu akishaambiwa amekingwa na maziwa maski haivai.

Nimeshaona ofisi moja, siitaji, kitabu cha bei mbaya kimefungiwa kwenye kabati la bosi na funguo anayo yeye, wakati anayeonana na wagonjwa saa nane usiku ni muuguzi. Kitabu kikae chumba cha kuonea wagonjwa. Na ndani ya jalada bandikeni karatasi yenye simu ya ofisi ya OSHA ya kanda na ya WCF, jina la maabara iliyo karibu inayoweza kupima risasi na zebaki, na orodha ya kazi zote zinazofanyika kuzunguka kituo chenu pamoja na kurasa za kusoma kwa kila kazi. Sisi tumeanza kuiandika ya kwetu, tuna kuchomelea, karasha za kusaga mawe, uchomaji wa dhahabu kwa zebaki, nyanya, tumbaku na gereji za rangi za magari. Wenzetu wa mikonge Tanga, wa pamba kanda ya ziwa na wa viwanda vya ngozi, kama mna ya kwenu naomba muitume kwa mhariri tuibandike na sisi.

Ni mimi,
Tabibu wa kituo cha afya,
Geita