Risala ya Wanakikundi wa Kliniki ya Kisukari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, wauguzi, ndugu wanakikundi, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana kwetu. Kliniki ni mara moja kwa mwezi. Siku zinazobaki kila mmoja yuko peke yake na sahani yake, ndipo tukaanza kutumiana meseji. Hatukuwa wa kwanza: Senegal walianza mwaka 2014, wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani, kuwatumia wagonjwa meseji za kuwaongoza katika mfungo wa Ramadhani.

Zetu hutumwa na katibu kila Jumatatu na Alhamisi jioni, kwa kitochi chake. Hazidai simu janja wala bando la intaneti, na herufi 160 hazimpi mtu nafasi ya kuhubiri. Mojawapo ilisema: "Kabla ya kulala kagua nyayo na katikati ya vidole. Huoni vizuri? Mwite mjukuu." Mama mmoja akamwita. Mtoto akakuta msumari wa kandambili umemtoboa kisigino, na bibi hajasikia kitu, miguu ilishakufa ganzi. Kesho yake asubuhi kidonda kilisafishwa hapa hapa. Leo yuko jikoni anakupikia dona.

Nyingine iliwachekesha wazee: "Unatetemeka, jasho linakutoka? Sukari imeshuka. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe sasa hivi." Mwenye kisukari anywe sukari? Ilibidi muuguzi aje kueleza.

Mheshimiwa, yapo pia ya kutukwaza. Meseji ya "Pima sukari kabla ya kula" katibu ameacha kuituma, kwa aibu. Wenye mashine ya kupimia wengi hawana stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu. Tena simu nyingine ni za nyumba nzima. Mwenzetu alikuwa bado hajamwambia mumewe, meseji ikamtangulia. Siku hizi tunauliza kwanza namba ipi na saa ngapi.

Tunaomba mambo mawili: stripu zipatikane kliniki kwa bei tunayoimudu, na muuguzi mmoja apangiwe zamu ya kujibu. Katibu wetu ni fundi cherehani. Juzi saa saba usiku aliulizwa insulini ipunguzwe kiasi gani. Akajibu, "Sijui, nenda hospitali sasa hivi," kisha akakaa macho hadi alfajiri akisubiri kujua kama mtu yule amefika.

Tunaomba kuwasilisha.