Kuhusu zile onduleri zinazotupwa, na barua ya mzee wa juma iliyopita

Mhariri, jambo.

Naandika haraka juu umeme uko sasa hivi na sijui utabaki mpaka saa ngapi. Nilisoma barua ya yule mzee aliyesema onduleri za kuokota ndizo zinachoma nyumba zetu, na kwamba chef wa kartye, mkuu wa mtaa, apite nyumba kwa nyumba azikamate zote. Mzee wangu, heshima iko, lakini hapo ulipitiliza. Mimi niko na sekretaria ndogo, duka la kuandika na kuprinti, huku Kadutu mu Bukavu, kompyuta moja na nusu (ile nusu ni ya kutoa vipande), mashini ya kuprinti, na wateja ambao wanakuja wote saa ileile umeme unapokatika, na jioni zangu zote zinaendeshwa na onduleri ya kutupwa, huu ni mwaka wa tatu.

Kwa wasioijua, ni lile sanduku jeusi linalokaa chini ya meza ya biro, kompyuta inachomekwa humo, umeme ukienda linaanza kulia pii... pii... na kukupa kama dakika kumi za kusevu kazi yako na kuzima. Ndani mna kabatri ka volti 12, ampea saa 7 (ampea saa ni kipimo cha umeme batri inaobeba), basi. Hako kabatri kanachoka baada ya miaka 3 mpaka 5, na mu biro kubwa za mji huu mtu wa kompyuta akiona sanduku halishiki tena anaandika MBOVU na bic nyekundu, analisukuma mu stoo, kisha siku moja wanafagia stoo. Yangu niliikuta kwenye biro moja pale Nyawera, zamu, yaani mlinzi, alikuwa ameifanya kiti. Nikampa dola 5, akanicheka. Lakini kilichokufa ni batri peke yake, karte (ile sahani ya elektroniki) na transfo (transfoma) ziko nzima, ukitoa hako kabatri na kuvuta fili (waya) mbili nje mpaka kwenye batri kubwa ya volti hizohizo 12, sanduku halijui tofauti, linaendelea kutoa volti 220 jioni nzima. (Zile kubwa zina batri mbili ndani, hiyo ni volti 24, kwa hiyo hesabu batri za ndani kwanza kabla ya kufunga chochote.)

Sasa pale mzee uko na haki ni kwenye fili. Volti 12 haikupigi shoti, ndiyo maana watu wanaidharau, lakini ili upate wati 300 kutoka volti 12 lazima kama ampea 30 zipite mu fili, na nimeona mafundi wanafunga na fili ya redio, ile nyembamba, mita tano kutoka mlangoni mpaka chumbani, inapata moto, plastiki inalainika, plus na minus zinagusana, na batri kubwa ikiguswa hivyo inasukuma mamia ya ampea bila kuuliza. Siku moja ufunguo wa nati namba 10 uliteleza mkononi mwa shemeji yangu ukalala juu ya vichwa vyote viwili vya batri, ikaruka cheche kama ya mtu anayeunga vyuma, ufunguo ukabaki na jino moja limeliwa. Na sisi wa Kadutu tunaujua moto, nyumba za mbao zimebanana mpaka ukikohoa jirani anakuambia pole. Lakini dawa iko: fili fupi, nene, ya kufungia batri za gari, na fuzibu ya ampea 40 (ile inayokatika umeme ukizidi) kwenye plus, palepale kichwani mwa batri, maana ukiiweka mwisho wa fili, fili yenyewe haina wa kuilinda. Mimi nilinunua yangu bei ya Fanta mbili. Fundi anayekufungia bila fuzibu, huyo ndiye chef amtafute. Na usiguse vichwa vya batri wakati sanduku limechomekwa ukutani, nyingine fili za batri ndani hazijatengwa vizuri na umeme wa ukuta, na usichomeke ile 220 inayotoka humo mu prizi ya nyumba, utamuua mtu wa umeme aliyeko juu ya nguzo akifikiri fili zimekufa.

Joto nalo. Aliyetengeneza sanduku alihesabu dakika kumi, wewe unalipatia kazi ya saa tano, transfo lazima ipate moto. Yangu iliandikwa 650 nyuma, nikafikiri ni wati, kumbe hizo ni VA, wati zenyewe 360, na shemeji akakataa nivuke nusu yake. Alitoboa ubavu akaweka kavantilateri ka kompyuta ya zamani, na kila jioni naweka kiganja juu ya transfo, nikishindwa kukiacha hapo nazima ampuli moja. Resho, pasi, chochote cha kupasha moto, usijaribu. Hata imprimanti ya leza. Hiyo nilijifunza na aibu: kijana amesimama na CV yake, nikabonyeza, imprimanti ikaanza kupasha ile rola yake ya ndani, puu, giza, kompyuta nayo ikaenda na CV haikuwa imesevwa, na yule mtoto wa watu ananiuliza kwa upole, mama, sasa nifanye nini, juu wananingoja saa nne. Siku hizi naprinti na ya wino.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la pii pii. Mtoto wangu wa mwisho analala nyuma ya rido, kila sekunde kadhaa pii, nikamwambia shemeji kata ulimi wa hiki kitu, akakata, tukalala vizuri miezi minne. Kumbe sanduku lina vilio viwili, likilia polepole linasema umeme umeenda, likilia harakaharaka linasema batri inaisha, zima. Mimi nikakata vyote, na kila usiku tulikuwa tunaikamua batri mpaka sanduku lijizime lenyewe pale kwenye volti 10 na nusu. Batri ya risasi haipendi hivyo, na yangu ilikuwa ya gari, hiyo imetengenezwa iwashe injini sekunde tatu ipumzike, haikutengenezwa kunyonywa usiku kucha. Mwezi wa tano ikawa jiwe la kuzuia mlango. Ya pili nikanunua ya solari, ampea saa 100, nikafunga kasaa ka kuonyesha volti, ikigusa 12 tunazima, hakuna kesi. Ukitumia nusu yake tu hizo ni kama wati saa 600: kompyuta, ampuli tano za LED, telefone za wateja, na sanduku lenyewe linakula yake hata lisipofanya kitu, jumla kama wati 100, napata saa tano na kidogo.

Na usidanganyike kwamba sanduku litaijaza hiyo batri kubwa. Chaja yake ilipimiwa kale kabatri ka 7, inatoa ampea moja au chini, batri ya 100 uliyotumia nusu inataka siku mbili na zaidi, umeme bila kukatika, mu Bukavu hii! Ndiyo maana wengi wanasema haishiki wakati haikujaa hata siku moja. Niko na pano mbili za wati 100 juu ya bati na regulateri yake, ile inayopima umeme unaoingia mu batri, siku ya jua zuri kila moja inarudisha kama ampea saa 25, siku ya mvua tunalala mapema kama kuku.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aiwashe kwa batri peke yake, bila kuichomeka ukutani. Nyingine zinakataa kuamka mpaka zionje umeme kwanza, na ile inayongoja umeme ili ikupe umeme, utaifanyia nini.

Mzee aliuliza kwa nini tusingojee umeme wa kweli. Tunangoja, mzee. Kiwanda cha umeme cha mtoni, Ruzizi ya kwanza, ni cha 1959, ya pili ya 1989 na hiyo tunagawana na Rwanda na Burundi, na wewe unajua mji ulivyopanda milima yote tangu hapo. Halafu zile chupa za plastiki tunazotupa zinashuka na mvua mpaka ziwani, ziwa linazisukuma mpaka mlangoni mwa Ruzizi ya kwanza, zinaingia mu mashini na kazi inasimama mpaka zitolewe. Yaani takataka zetu wenyewe zinatukatia umeme, na ile moja inayoturudishia kidogo ndiyo wewe unataka ikamatwe.

Kama chef anataka cha kukamata, akamate batri zilizokufa zinazozagaa. Hata kale kadogo ka 7 kanapita kilo 2 na sehemu kubwa ni risasi, na asidi juu yake. Nimeona kijana anaziyeyusha mu sufuria nyuma ya nyumba, watoto wamechuchumaa pembeni wanaota moto, na ule moshi unaingia mu damu ya mtoto unaharibu akili yake, hata umnyweshe maziwa ndoo nzima hautoki.

Kwa hiyo ninyi wenye biro, mkiandika MBOVU andikeni pia batri ngapi ziko ndani, sanduku liuzieni fundi, zile batri wekeni fasi kavu mpaka apatikane mnunuzi wa batri nzima nzima, asiyezipasua. Msizipige nyundo, msizipeleke mtoni. Mimi mwenyewe natafuta moja ya volti 24, hata kama imekaliwa na zamu miaka mitano.

Mama wa sekretaria,
Kadutu, Bukavu